Wasomaji Wanauliza: Katikati ya Mji wa Moshi kwa Miguu

Barua za mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu eneo moja dogo, nalo ni mitaa ya biashara ya katikati ya Moshi, kuanzia stesheni ya reli hadi Mnara wa Saa na pembezoni mwake. Nimezipanga kwa namna zinavyosaidiana kueleweka, si kwa tarehe zilipotufikia.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Moshi, eneo la Pasua. Nina wanafunzi 43 ambao ninataka kuwatembeza mjini wajifunze historia. Mwenzangu ananiambia kwamba katikati ya mji hakuna historia, kuna maduka tu, na kwamba heri nichangishe nauli niwapeleke Marangu wakaone lango la mlima. Je, kipo cha kuwaonyesha? Na kama kipo, nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, hayo maduka ndiyo historia yenyewe, na ninakusihi usiiahirishe safari hiyo. Marangu ni pazuri, na siku ya kwenda Marangu itapatikana. Lakini mtoto anayekaa Pasua na kupita mjini kila Jumamosi akitumwa sukari anastahili kujua kwa nini mji wake umekaa pale ulipokaa, na hilo hataelezwa na lango la hifadhi.

Anzia stesheni, wala usianzie Mnara wa Saa kama wengi wanavyofanya kwa kuwa ndipo daladala zinapowashusha. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, baada ya kilomita 352, na Moshi hii tunayoiita mjini ilikua pale pale ilipokomea. Kabla ya hapo, Moshi ilikuwa huko juu mlimani, kwenye himaya ya Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, ambako Wajerumani nao walikuwa wamejenga boma lao. Reli haikupandishwa mlimani. Mji ndio ulioteremshwa kuifuata. Ukiwa umesimama na wanafunzi wako mbele ya stesheni, waache kwanza waliseme jambo hilo kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu mengine yote watakayoyaona siku hiyo yanatokana na hilo.

Kisha waulize kwa nini barabara iliyo jirani na stesheni inaitwa Ghala. Sidhani kama utahitaji kuwajibia. Mzigo ulioshuka kwenye behewa ulihitaji mahali pa kulala, na mwenye ghala alihitaji karani wa kuuhesabu. Karani alihitaji chakula cha mchana, shati na mafuta ya taa. Mwenye duka la mashati alihitaji fundi, na fundi alihitaji chumba cha kupanga. Ndivyo mtaa ulivyofuata mtaa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walijenga njia nyingine ya reli kutoka Voi, nchini Kenya, ikaungana na hii yetu, hivyo kahawa ya Kilimanjaro ikawa na milango miwili ya kutokea baharini, Tanga na Mombasa. Mwaka 1929 reli iliendelezwa hadi Arusha. Wazazi wa wanafunzi wako huenda wanakumbuka miaka ambayo stesheni hii ilikaa kimya, kwa maana treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miongo miwili. Mtoto akiulizwa nyumbani na bibi yake kuhusu treni, huyo bibi naye atakuwa mwalimu wako wa pili.

Kutoka hapo pandeni kuelekea Soko Kuu. Ninasema pandeni kwa sababu ardhi yenyewe inainuka, ingawa mwendesha gari haitambui. Anayeitambua ni mwenye miguu, na maji ya mvua yaendayo mitaroni. Usiwaingize watoto 43 sokoni kwa pamoja. Wagawe katika makundi manne, kila kundi na mtu mzima wake, na ulipe kila kundi kazi moja: kuuliza majina ya ndizi zinazouzwa na kila moja inafaa kwa pishi gani. Watakuja na mshare ya mtori, mzuzu ya kukaanga, kisukari ya kula mbivu, na pengine majina ambayo mimi na wewe hatuyajui. Wamwulize na muuzaji anatoka kijiji gani. Ukiandika majibu hayo ubaoni siku inayofuata, utakuwa umechora ramani ya miteremko ya mlima inayoulisha mji huu, na wanafunzi ndio watakaokuwa wameichora.

Kwenye mtaa wa Chagga na mitaa inayouzunguka, simamisheni safari mbele ya mafundi cherehani walioketi barazani. Hapa ninaomba uniwie radhi nikumbuke ya kwetu. Baba alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho. Chama cha ushirika kiliwalipa wakulima malipo ya awali walipopeleka kahawa, na baada ya kahawa kuuzwa mnadani yakafuata malipo ya pili. Malipo ya pili ndiyo yaliyokuwa sikukuu yetu. Baba alitushusha mjini sisi watoto watatu kwa miguu, tukapimwa sare za shule barazani, fundi akiwa na futi shingoni na kipande cha chaki mkononi, nasi tukaambiwa tusimame wima kana kwamba tunapigwa picha. Siku hizo za malipo, baraza zote zilijaa watu kutoka vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya migomba na kahawa mlimani, na mwenye duka aliyekuwa amekopesha tangu masika alifungua daftari lake akakata majina. Mwonyeshe mtoto baraza na umweleze kwamba ilijengwa pana na kuezekwa hadi ukingo wa barabara kwa ajili ya watu kama wale, waliotembea saa tatu au nne na kuhitaji kivuli na mahali pa kuweka mzigo kabla ya kuulizana bei. Mji huu ulijengewa watu waendao kwa miguu, ndiyo maana kwa miguu unaeleweka.

Endeleeni kupanda kwa Barabara ya Mawenzi. Hapo mtapita misikiti na hekalu la Wahindu, na inatosha kuwaambia watoto kwamba waliokuja na reli hawakuja na bidhaa peke yake, walikuja na sala zao pia. Na kwa kuwa mtakuwa mnatoka Barabara ya Mawenzi mkielekea Barabara ya Kibo, hapo ndipo pa kuwapumzisha kwa ngano ile ya wazee wetu, ya vilele viwili vya Kilimanjaro, ya Mawenzi aliyekuwa akienda kila mara kuomba moto kwa Kibo, hadi Kibo alipochoka akampiga kwa mchi, ndiyo sababu Mawenzi amechongoka vile hadi leo. Kama mlima haujajifunika asubuhi hiyo, hadithi itajieleza yenyewe juu ya mapaa.

Mwisho wa safari uwe kwenye jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, karibu na Mnara wa Saa. Wakati mwingine ninawasikia waongozaji wakilitaja kwa pumzi moja, kuwa ni ofisi za chama cha ushirika, kisha wanapita. Hapo mimi ningekaa nusu saa. Miche ya kahawa ililetwa mlimani na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, nao Wachaga waliipokea wakaipanda katikati ya migomba yao. Walowezi wa Kizungu hawakulifurahia jambo hilo. Walidai kwamba kahawa ya Waafrika ingesambaza magonjwa, na walihofia pia kukosa vibarua, maana mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine. Katika nchi jirani ya Kenya, Waafrika walizuiwa kulima kahawa ya arabika kwa miaka mingi. Hapa wakulima walijipanga mapema. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na mwaka 1933 kikarithiwa na KNCU, ambayo ni kati ya vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo kabisa vya wakulima Waafrika katika bara hili. Kahawa ya wakulima ilikobolewa na kupangwa kwa madaraja hapa Moshi, na kwa miaka mingi mnada wa kahawa ya nchi nzima ulifanyika katika mji huu huu.

Jengo hilo ni la miaka ya 1950, wakati kahawa ilipokuwa na bei nzuri, na waliolilipia ni watu waliokuwa wakienda peku. Waambie watoto hivyo hivyo, kwa lugha nyepesi. Fedha za kahawa zilijenga shule na kulipa karo za wengi, wengine hadi vyuo vya ng'ambo. Waambie pia kwamba mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, na kwamba ilirejea mwaka 1984. Mtoto asidhani kwamba kitu kikubwa hakivunjiki.

Jambo la mwisho, Mwalimu, na ninalisema kwa moyo wote. KNCU ilianzisha mkahawa mjini, unaoitwa Union, ambapo kahawa ya wakulima hukaangwa na kunywewa. Nimekutana na watu wazima waliochuma kahawa utoto wao wote bila kuionja hata kikombe kimoja, kwa kuwa iliyobaki nyumbani ilikuwa ile iliyokataliwa. Ikiwa shule ina uwezo, wapitishe wanafunzi wako hapo wainuse tu inapokaangwa. Hawatasahau walikotoka.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Kidia, Old Moshi, nina umri wa miaka 71. Nimesikia kuna vijana wanaowatembeza watu mjini na kuwaeleza kwamba Moshi ilianza na reli. Moshi ni sisi huku juu. Kwa nini jina letu linachukuliwa na historia yetu inaachwa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Unayosema ni kweli, na hata jibu langu kwa mwalimu hapo juu lingekuwa pungufu kama barua yako isingefika.

Moshi ya Kale ilikuwa himaya yenye nguvu kabla Mjerumani hajaleta chuma chake. Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, alijulikana hadi pwani kwa biashara na kwa siasa zake, na alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli aliwapiga Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18 wa Kichaga na wa jamii jirani. Mti unaosemwa kuwa ndio walionyongewa unaonyeshwa huko kwenu hadi leo. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake haujachoka kukidai.

Sasa tuzitazame hizo tarehe. Mangi alinyongwa mwaka 1900, reli ikafika mwaka 1911. Mtu anayeanza hadithi ya Moshi na treni anaianza baada ya damu kukauka, na msikilizaji wake anaondoka akidhani kwamba uwanda huu ulikuwa hauna mwenyewe. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaowatembeza watu mjini ni dogo na halihitaji nauli. Mtakapofika Rindi Lane, msipite kimya. Elezeni Rindi alikuwa nani. Na mtakapofika pale ambapo barabara ya Old Moshi inaanza, simameni mtazame inakopanda, mseme wazi kwamba jina la mji lilishuka kwa njia hiyo, na kwamba huko lilikotoka bado kuna watu, kuna makaburi na kuna madai. Kama kundi lina siku ya pili, lipande kwenu. Wewe mzee, ukikubali kuwapokea na kuwasimulia, utakuwa umewapa kile ambacho mitaa ya chini haiwezi kuwapa.

SWALI: Ninauza vitenge barazani, karibu na soko. Karibu kila wiki wanapita watembezi, wageni na hata Watanzania, wakanipiga picha bila kusema neno, au wakasimama mbele ya meza yangu wakielezwa habari za jengo lililo nyuma yangu. Je, nina haki ya kuwakataza, au nitaonekana mkorofi?

JIBU: Mama, huwi mkorofi kwa kulinda riziki yako. Kataza, na ukatazapo usicheke ili kupunguza makali, kwa sababu wengine wanaichukua ile cheko kuwa ruhusa.

Nimewahi kuwa mkosaji katika jambo hili hili. Niliwapeleka ndugu na rafiki zangu, watu 12 kwa jumla, nikawasimamisha mbele ya mama muuza matunda kwa sababu hapo ndipo jengo la ng'ambo lilipoonekana vizuri. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa. Nilipomaliza, yule mama alinitazama akaniambia, «Baba, umeniziba.» Hakusema zaidi. Wateja wake walikuwa wamesimama nyuma yetu wakingoja tuondoke, na wawili walikuwa wamekwenda kwa jirani. Tangu siku hiyo ninasimamisha watu upande usio na biashara, hata kama jengo halionekani vizuri, na ninawaambia kabla hatujaanza kwamba baraza ni duka la mtu.

Kwa watembezi wanaosoma safu hii: salamu inatangulia. Anayeingia barazani kwa mtu amsalimie kwanza, na mkubwa apewe shikamoo yake. Kisha aulize, na akiambiwa hapana ashukuru na kuendelea. Hakuna anayekulazimisha kununua, lakini ukimchosha mtu kwa maswali dakika kumi kisha ukaondoka bila hata kununua embe moja, umemwacha na hasara ya muda. Na picha ya mtu akiwa kazini si sehemu ya jengo. Jengo halina uso wa kuona haya, mtu anao.

SWALI: Niko Dar es Salaam. Baba yangu, mwenye asili ya Kihindi, alizaliwa Moshi, ghorofani juu ya duka la babu, na familia iliondoka mwaka 1972. Sasa ana miaka 78, anatembea kwa fimbo, na anataka kuiona ile nyumba kabla nguvu hazijamwisha. Hakumbuki namba ya kiwanja. Tutaipataje, na tukiipata, tubishe hodi kwa nani?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza nikueleze kwa nini huenda nyumba ikawa na mwenyewe mwingine, maana bila kulijua hili mtaumia mkifika. Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa sheria iliyoiwezesha Serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yaliyotwaliwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Majengo mengi ya biashara ya katikati ya miji yetu, na ya Moshi yakiwamo, yalipita njia hiyo. Kuna wanaoieleza sheria ile kuwa ni haki iliyochelewa kwa wapangaji waliokuwa wakikamuliwa, na kuna wanaoieleza kuwa ni jasho la baba lililochukuliwa kwa siku moja. Ninaamini baba yako ana haki ya kuisimulia kama alivyoiona, na mtembezi mwenzake yeyote asimkatize.

Kuhusu kuitafuta, mwacheni yeye atangulie. Kumbukumbu ya mtoto wa mjini imo miguuni: atakumbuka hatua ngapi kutoka msikitini au hekaluni, kona ya kwenda shule, upande jua lilipoingilia chumbani. Msimsahihishe akitaja mtaa kwa jina la zamani. Wakati yeye akikumbuka, wewe inua macho juu ya mabango. Chini kila duka limepakwa rangi za kampuni ya simu au ya saruji na hufanana na la Singida, lakini juu ya ubao wa jina, kwenye ukuta wa ukingo wa paa, baadhi ya majengo bado yana mwaka yalipojengwa au jina la aliyejenga, yakiwa yamefinyangwa kwenye plasta na kufichwa na tabaka kadhaa za chokaa. Tazama na dirisha la ghorofani, nondo zake na umbo la roshani. Mafundi wa enzi zile hawakurudia nakshi moja kila nyumba, na mara nyingi mwenye nyumba huitambua yake kwa nondo kabla ya kuitambua kwa mlango. Msipoipata, ulizeni wazee wa ibada wa jumuiya yenu walioko Moshi, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani alikuwa jirani ya nani.

Mkiipata, hodi inabishwa dukani, kwa mpangaji aliyepo. Mwambieni mapema, kabla hajawashuku, kwamba hamkuja kudai kitu. Sentensi hiyo moja, ikisemwa mwanzoni na kwa utulivu, itafungua mlango wa ngazi ambao vinginevyo ungebaki umefungwa, maana mtu aliyepanga huishi na hofu ya kuhamishwa. Nunueni kitu dukani. Mwombeni akubali baba apande hadi kizingitini tu, na yeye mwenyewe akimkaribisha ndani, basi aingie.

Kwa mtu wa fimbo, hatari ya Moshi mjini si umbali, ni mitaro isiyofunikwa na vizingiti vya baraza visivyo sawa kimo, nyumba hii juu, ile chini. Mshikeni upande wa mtaro. Chukueni bajaji kati ya mtaa na mtaa, mtembee ndani ya mtaa mmoja tu kwa siku, na muwe mmerudi kivulini saa nne.

SWALI: Nitafika Moshi kikazi na nina nusu siku. Nije saa ngapi na nijiandae vipi?

JIBU: Saa moja asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima na kabla jua halijawa kali. Muda wa saa tatu unatosha kwa mwendo wa taratibu. Epuka Jumapili, kwa sababu milango mingi imefungwa, na Ijumaa mchana usijazane kwenye mitaa ya misikiti watu wakienda kuswali. Masika, Machi hadi Mei, chukua mwavuli na viatu visivyoteleza. Usitupe hata ganda la karanga. Moshi inajivunia usafi wake na faini inatozwa kweli. Kijana akikuandama akikuuzia picha za kuchora au safari ya mlimani, mjibu kwa upole mara moja, kisha endelea na njia yako.

SWALI: Mimi ni fundi mchoraji wa ramani za nyumba, nina miaka 26. Mwaka jana niliona jengo la zamani la duka likivunjwa ukuta wake wa juu, ule wenye nakshi, ili bango liwekwe. Nilidhani majengo kama hayo yanalindwa na sheria. Je, hayalindwi?

JIBU: Mdogo wangu, mengi hayalindwi, na sababu yake iko kwenye tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa ya kale, moja kwa moja, majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hupata ulinzi huo iwapo Waziri atalitangaza. Mwaka 1863 hapakuwa na duka hata moja kwenye uwanda huu. Mji ulikuja na reli, karibu nusu karne baadaye. Kwa maneno mengine, mtaa mzima wa biashara wa Moshi unaweza kuondoka jengo kwa jengo bila mtu yeyote kuvunja sheria hiyo.

Simlaumu kila mwenye kubomoa. Paa linavuja, mbao zimeliwa na mchwa, kodi inadaiwa, na jengo la ghorofa nne linalipa kuliko la moja. Lakini ukuta ule wenye nakshi haukuwa ukivuja. Uliondolewa kwa kuwa aliyetoa amri hakujua kilichokuwa juu ya kichwa chake, na aliyepanda na nyundo hakuambiwa. Hapo ndipo ufundi wako unapohitajika.

Una futi, una penseli, na unajua kuchora uso wa jengo kwa kipimo. Lipe kila jengo karatasi moja: mchoro wa mbele, vipimo vyake, maandishi yaliyo juu kama yapo, nakshi, aina ya paa, kinachouzwa leo, na kile ambacho mpangaji au jirani mzee anakumbuka kilikuwa kikiuzwa zamani. Piga picha ya ukuta wa juu asubuhi, jua likiwa upande, kwa sababu wakati huo maandishi yaliyofunikwa na chokaa huonekana kwa kivuli chake. Muombe ruhusa mwenye duka, na usimame ng'ambo ya barabara kwa ajili ya yule mama wa vitenge. Nakala moja ibaki kwako, moja ipeleke maktaba ya mkoa, na nyingine ofisi ya manispaa, kwa mkono, uipate na sahihi ya aliyeipokea. Mwalimu wa Pasua ana watoto 43 wanaoweza kukushikia upande wa pili wa futi.

Anza na lile la kona unalolipita kila siku ukienda kazini, kabla mafundi hawajalisimikia miti ya kupandia.